Mbegu Tatu za Grasiana

Kila asubuhi, kabla ya kubeba ndoo kwenda bombani, Grasiana alichutama nyuma ya jiko la mama yake na kulichungulia kopo lake. Ndani ya kopo alikuwa amepanda punje kumi za mahindi. Mwalimu Ernesti, anayefundisha sayansi darasa la tano katika shule moja huko Makuyuni, Korogwe, ndiye aliyewagawia wanafunzi punje hizo kutoka kwenye gunia la mbegu la shule.

"Mwagilieni, hesabuni, andikeni mnachokiona," aliwaambia. Gunia hilo lilikuwa lipandwe kwenye shamba la shule, ambalo huwapatia wanafunzi uji.

Siku ya nane ziliota punje tatu. Siku ya kumi zilikuwa tatu zilezile. Grasiana akaandika: tatu.

Darasani kila mmoja alisoma matokeo yake. Yordani, tisa. Hafsa, kumi. Gerald, tisa. Grasiana aliposoma yake, darasa likaangua kicheko.

"Tatu! Ulimwagilia chai ya moto?" Yordani alidakia.

Mwalimu Ernesti alikunja uso. "Huo ni uvivu, Grasiana. Wenzako wametunza mbegu, wewe umeziacha zikauke." Akamtia kosa kwa wino mwekundu.

Grasiana alilifunga daftari lake. Yeye mvivu? Yeye aliyemwagilia hata siku aliyoshikwa na homa? Wakati wa mapumziko alimfuata Yordani, ambaye ni jirani yao.

"Kopo lako liko wapi? Mbona kwenu sijaliona?"

"Kopo gani?" Yordani alicheka. "Zile punje niliwatupia kuku. Kitabu si kinasema mbegu nzuri huota tisa kwa kumi? Nikaandika tisa."

Hasira zilimpanda Grasiana hadi utosini. Alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni mwa ofisi ya walimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Una nini?"

"Umeniita mvivu bila kuliona kopo langu. Naomba kesho kila mtu alete la kwake."

Walimu wengine waliacha kusahihisha madaftari. "Unanifundisha kazi?" Mwalimu Ernesti aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Ulisema tuandike tunachokiona. Nami niliandika nilichokiona." Hakuondoka mlangoni hadi Mwalimu Ernesti alipokubali kuagiza makopo yote yaletwe.

Kesho yake, kati ya wanafunzi arobaini na sita, watano tu walileta makopo. Moja lilikuwa na miche miwili, jingine minne. Hakuna lililozidi minne, ingawa wenyewe, isipokuwa Grasiana, walikuwa wamesoma tisa au kumi. Mwalimu Ernesti akachota punje kutoka gunia lile, akazipasua kwa wembe. Ndani zilikuwa unga mtupu. Dumuzi, wadudu watoboao nafaka, walikuwa wamekula kiini.

"Gunia hili tungelipanda Jumatatu," alisema taratibu. "Shule nzima ingekosa uji kwa sababu ya tisa zenu za uongo!"

Wanafunzi waliinamisha vichwa. Yordani alitazama sakafu.

Siku hiyohiyo mwalimu mkuu aliagiza mbegu nyingine. Mwalimu Ernesti alichukua daftari la Grasiana, akalikata lile kosa mbele ya darasa.

"Nisamehe, Grasiana. Nilikuhukumu kabla ya kuangalia, na hilo ni kosa langu mimi mtu mzima." Kisha akawageukia wengine. "Mtarudia jaribio lote, hapahapa, mbele ya macho yangu. Na mlishike hili: kazi ya sayansi ni kusema ukweli ulioushuhudia, hata kitabu kikisema vingine, hata darasa zima likikucheka."