Puli Isiyo na Muhuri

Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, manyunyu yalikuwa yakiiangukia Mabatini bila kukoma tangu alfajiri, na vilima vya mawe vya Mwanza vilikuwa vimefunikwa na wingu la rangi ya risasi. Ndani ya duka moja la vipuri watu walisongamana, nusu yao wakinunua, nusu wakikwepa mvua. Juu ya kaunta, mikono miwili iliushika mkanda mmoja kwa wakati mmoja.

"Samahani, dada, nimeutangulia," alisema mwanamume mrefu, shati lake jeupe likiwa limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono imesimama wima.

"Umeutangulia kwa macho au kwa mkono?" alijibu mwanamke. Alivaa ovaroli ya buluu na kitambaa cha zambarau kichwani, na chembe ndogo za chuma zilimeremeta kwenye nyusi zake.

"Huu ni wa supachaja ya gari langu. Si wa mashine ya kusaga mahindi."

"Na mimi nautaka kwa mashine ya kukerezea vyuma. Hebu niambie, kaka, gari lako litabaki na puli ya kiwandani, au unaipunguza?"

"Naipunguza. Nataka nguvu zaidi."

"Basi mkanda huu utakuwa mrefu. Utalegea na kuteleza. Uachie."

Mwanamume aliuachia, na muuzaji akacheka. "Mpima, hapo umepatikana! Huyo ni Getruda, binti wa Mzee Antoni wa Igoma. Puli unayoitafuta hukatwa kwao."

Hivyo ndivyo Venant, mpima ardhi mwenye gari jekundu la milango miwili, alivyokutana na Getruda. Jumatatu iliyofuata alikuwa Igoma, akisimama kwa adabu mlangoni mwa karakana iliyonukia mafuta na chuma cha moto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu Mzee Antoni, ambaye kelele za mashine zilikuwa zimemziba sikio moja. "Ongea kwa sauti. Na usiongope, maana uongo nausikia vizuri."

Getruda alimweleza mgeni jambo lenyewe bila kuremba. Supachaja ni pampu inayoishindilia injini hewa, na mkanda kutoka kwenye injini ndio unaoizungusha. Kadiri puli ya pampu, yaani gurudumu linalopitisha mkanda huo, inavyokuwa ndogo, ndivyo pampu inavyozunguka haraka na hewa inavyozidi.

"Ya kiwandani ni milimita sabini na mbili," alisema. "Nikikukatia sitini na sita, kasi inaongezeka kwa sehemu moja ya kumi na moja. Injini yako itaimudu."

"Na ukinikatia sitini?"

"Moja ya tano. Hewa itachemka, mafuta hayatatosha, na pistoni itatoboka. Siikati."

Akakata ya sitini na sita. Ilipokamilika, baba yake aliiweka juu ya fuawe, akaigonga muhuri wa chuma: herufi AG, alama ya karakana, kisha kipimo. Ilikuwa desturi ya karakana ile kwa miaka thelathini. Kazi waliyoiamini ilibeba muhuri. Mteja aliyeng'ang'ania kazi wasiyoiamini alitamka mbele ya Mzee Antoni kwamba hatari ni yake, kisha akaondoka na chuma kitupu.

Mapenzi yalikuja kwa mlango wa kazi. Jumapili walikula sato wa kuchoma ufukweni, upepo wa ziwa ukilipeperusha gauni la Getruda la manjano, na Venant akitoa miba kabla ya kumsogezea sahani. Siku za kazi, simu ililia kila saa saba mchana.

"Fundi wa moyo wangu, umekula?"

"Nimekula vumbi la chuma, Mpima wangu. Wewe je?"

"Nimekula jua la Kisesa. Nimepima viwanja sita nikakuona katika kila kimoja."

"Basi umepima vibaya. Rudia!"

Wote wawili walicheka, na wote wawili waliamini kwamba kicheko hicho kingedumu.

Mwezi Mei, katika majaribio ya mbio za kupanda kilima, Khalidi, mfanyabiashara kijana mwenye gari jeusi, alimwacha Venant kwa sekunde mbili. "Bwana Mpima," alimtania mbele ya watu, "kumbe gari lako linapanda kwa kusoma ramani?" Venant alitabasamu, lakini kiburi chake kilikuwa kimejeruhiwa. Mbio zenyewe zilipangwa tarehe 14 Juni. Alikuwa amekwisha kununua pete, naye aliapa kimoyomoyo kwamba angeitoa kileleni akiwa mshindi, si vinginevyo.

"Getu mpenzi, nikatie ya sitini."

"Nilishakujibu."

"Mara hii moja. Kwa ajili yangu."

"Ni kwa ajili yako ninakataa."

Alimbembeleza kwa siku nne. Siku ya tano alisema, "Kama unanipenda, utanikatia," na Getruda, ambaye hakuwahi kupindishwa na mteja yeyote, akapindishwa na sentensi hiyo. Alikata sitini kamili, machozi yakimlengalenga. Muhuri haukugongwa.

"Tamka, kijana," alisema Mzee Antoni.

"Hatari ni yangu, mzee."

Siku ya mbio, katika kona ya tatu, gari jekundu lilitoa mlio kama wa nyundo juu ya bati, kisha moshi, kisha kimya. Pistoni mbili zilikuwa zimetoboka. Mafundi walipoifungua supachaja, Khalidi aliuliza, "Mbona puli hii haina muhuri? Nani kaikata?"

Venant alichukua kalipa, kifaa cha mafundi cha kupimia upana wa kitu. Alipima kama mpima ardhi anavyopima bonde, kutoka chini ya mifereji ya mkanda upande mmoja hadi chini yake upande wa pili. Kalipa ilisoma hamsini na saba.

"Niliagiza sitini," alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Amenikatia hamsini na saba. Ndiyo maana hakuweka jina."

Aliyaamini aliyoyasema kuhusu kipimo. Lakini alijua kwa nini muhuri haukuwapo, na katika hilo hakuwa na udhuru wowote. Jioni Getruda alipiga simu.

"Venant, umeumia?"

"Milimita tatu, Getruda. Tatu!"

"Umepima wapi?"

"Mimi kupima ndiyo kazi yangu. Usinifundishe."

Akakata simu, na hakuipokea tena.

Habari ilifika Igoma kabla ya mtu yeyote. Wateja walihamia kwa Chenge, mkerezaji wa karakana ya jirani. Mashine ya Mzee Antoni ilishinda kimya, na tarehe 3 Agosti mzee mwenyewe alizikwa, mvua isiyo ya msimu ikilowesha udongo. Venant alisikia habari za msiba. Hakuenda.

Mwezi Oktoba, alipokuwa akisafisha banda lake, ndipo alipoiokota puli ya zamani ya kiwandani, iliyochorwa wazi namba 72. Bila kuwaza, aliipima kwa namna ileile, chini ya mifereji. Kalipa ilisoma sitini na tisa. Alipima mara nne. Kisha akaketi sakafuni.

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba, alifika Igoma akiwa na puli mbili na shati lisilopigwa pasi. Aliwaita wakerezaji wote waliokuwa jirani. Getruda alisimama mlangoni, kitambaa cheusi kichwani.

"Mwezi wa sita nililichafua jina la binti huyu," alisema Venant. "Nilipima chini ya mifereji, na puli hupimwa juu ya kingo za mifereji. Alinikatia sitini kama nilivyomlazimisha, baada ya kunikataza. Muhuri haukuwapo kwa sababu nilitamka mbele ya baba yake kwamba hatari ni yangu. Nililijua hilo, nikanyamaza."

Chenge alichukua kalipa, akaipima puli isiyo na muhuri. "Sitini," alisema. "Kamili kabisa." Akavua kofia. "Dada Getruda, kazi zako nilizozichukua nitazirudisha."

Watu walipoanza kutawanyika, Venant alitoa kisanduku kidogo mfukoni. "Getu, nilikuwa niitoe kileleni."

Getruda alikipokea.

"Baba aliniuliza hadi siku ya mwisho nilikosea wapi," alisema. "Nikamwambia sikukosea. Akasema, 'Najua mwanangu, lakini nataka nimsikie yeye.' Kila pikipiki ilipopita, aligeuza sikio lake zima, akidhani umekuja."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na bado nakupenda, nisikufiche. Lakini siwezi kulala kando ya mtu ambaye baba yangu alikufa akimsubiri."

Aliichukua puli ya sitini, akaiweka juu ya fuawe ya marehemu, akagonga muhuri: AG, kisha 60. Mlio wake ulisikika hadi barabarani. Akamrudishia puli mkononi, na kisanduku juu yake, bila kukifungua.

"Ulikuwa na deni la maneno, Venant, na leo umelilipa lote mbele ya watu. Sina ninachokudai tena."

Akaingia ndani, akawasha mashine.