Shemeji Hakutania

"Sindano, sikia. Magari matatu yatapakiwa kwenye malori matatu, njia tatu za kwenda mpakani. Sisi ni kikosi kimoja. Chagua!"

Sauti ya Mkuu ikakatika kwenye kifaa kidogo kilichofichwa sikioni. Sindano, mpelelezi wake, akafunga mkanda.

Mbele yake koni za plastiki zilipangwa juu ya lami hadi mwisho wa uwanja wa mbio. Dereva hupita katikati yake kwa kasi, kulia, kushoto, bila kuangusha hata moja. Magari matatu yaliletwa kuuzwa: Mazda MX-5 jeupe, Subaru BRZ la kijivu na Porsche Cayman jekundu. Moja lilibeba masanduku ya viwashio vya mabomu. Likivuka mpaka, watu wasio na hatia wangekufa.

Mwenye biashara, aliyeitwa Tajiri, alikaa kivulini na walinzi wake wawili. Alimjua Sindano kama mwanamke karani wa bima anayetafuta gari la kuchezea mwisho wa wiki.

Tajiri hakumnyima usingizi. Aliyemnyima usingizi ni fundi wake.

Fundi huyo alikuwa shemeji yake Sindano, mume wa dada yake wa tumbo moja. Ndiye aliyemfundisha kupita kwenye koni. Tangu siku ya posa hawakuwahi kusalimiana bila kutupiana maneno ya utani. Njia nzima Sindano alikuwa akiomba shemeji awe hajui kitu.

"Shemeji, kanyaga mafuta! Hilo si gari la kubebea mkaa!" fundi alipaza sauti.

"Nyamaza wewe! Dada angekujua mapema angeolewa na kinyozi!"

Akaondoa Mazda. Jepesi. Ukifikiria kona, pua imeshaingia.

Akajaribu Subaru. Mkia wa gari ulicheza kidogo, ukarudi wenyewe.

"Unaendesha kama bibi harusi anayeogopa kukunja gauni!" shemeji alicheka, akajipiga paja.

Yote mawili yalikuwa safi, hayakuwa na mzigo. Sindano akaweka mkono kwenye mlango wa Cayman.

Kicheko kikafa.

"Dada, tafadhali," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Hilo breki zake si nzuri. Chukua jeupe."

Dada. Tafadhali.

Mtu huyu aliwahi kumpakia kwenye gari lisilo na mlango huku akicheka mpaka machozi. Leo alimwita dada, akamwomba. Alikuwa anajua. Anajua, na bado alimpenda kiasi cha kutotaka akalie kifo.

"Shemeji," Sindano alinong'ona, "kuna nini humu?"

"Watu wa Tajiri walikuja mpaka nyumbani. Wakakaa sebuleni kwangu." Akafuta grisi mikononi. "Usiniulize. Nenda kwa dada yako."

Sindano akaingia garini. Angetamani sana kurudi nyuma na kuchukua jeupe.

Koni ya kwanza, sawa. Koni ya pili, mkia ulichelewa, kisha ukaja na uzito wote na kumsukuma pembeni. Gari la mbio huvuliwa kila kitu mpaka zulia ili liwe jepesi. Hili lilivuliwa, na bado nyuma lilikuwa zito.

"Mkuu. Jekundu."

"Una uhakika?"

"Ninao. Vunjeni geti."

Tajiri aliona midomo yake ikicheza. Akainuka. Mlinzi akachomoa bastola ya Glock.

Risasi ya kwanza ikapasua kioo cha pembeni.

Nyingine ingeweza kugonga kule nyuma, na habari ingeishia hapo. Sindano akatia gia ya pili, akazigonga koni zote, akalilenga geti. Geti likaanguka. Land Cruiser mbili za kikosi zikaingia, yeye akatoka katikati yake.

Alipokanyaga breki, zilishika vizuri kabisa.

Viwashio vilikutwa chini ya sakafu ya buti, vimefungwa kwa mkono wa fundi mzuri. Tajiri na walinzi wake walikuwa wamelala kifudifudi juu ya lami. Shemeji alisimama kando ya boksi lake la spana, pingu mikononi.

"Shemeji," alisema, akijilazimisha kutabasamu, "umeangusha koni zote."



Mkuu akamsogelea Sindano. "Wengine hawa nawajua. Huyu fundi je? Alijua alichokifunga humo?"

Neno moja tu, "hakujua," lingemrudisha shemeji nyumbani. Mkuu angeliamini, kwa sababu Sindano hakuwahi kumdanganya.

"Alijua," alisema. "Walimtisha. Lakini alijua."

Simu ikaita. Dada.

"Mmeshachagua gari? Hebu mwambie mume wangu asichelewe."

Sindano akavaa miwani ya jua, akatembea kuelekea barabarani kwa hatua za taratibu. Hakugeuka.

"Kaa chini kwanza, dada," alisema. "Nakuja. Nakuja peke yangu."