Mlango wa Nyuma wa Darasa la Tatu

Siku ya mnada wa Karatu, mwaka 1984, fahali mmoja alikata kamba akapita katikati ya watu. Mwalimu Verediana, gauni la buluu na raba nyeupe, aliruka pembeni akaangukia nondo za madirisha zilizolazwa chini vumbini.

"Taratibu, dada! Hizo zina mwenyewe," alisema kijana mrefu mwenye ovaroli iliyotobolewa na cheche.

"Pole hupewa aliyeanguka, kaka, si chuma."

Hhando alicheka, akamwinua. Alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye gereji moja pale mjini. Verediana alitoka Rombo, akifundisha darasa la tatu katika shule ya kijiji upande wa Baray, kijiji alichozaliwa Hhando.

"Kumbe ndiwe Mwalimu Vere! Mpwa wangu Antonia nyumbani hana habari nyingine."

"Antonia wa Cresensia? Yule anayeongea mpaka usingizini?"

"Huyo huyo, binti wa dada yangu. Aliniambia mwalimu wake mzuri. Hakuniambia mzuri kiasi hiki."

Tangu siku hiyo kila Jumamosi Hhando aliomba lifti ya lori kuteremka Baray. Walitembea kando ya mashamba ya vitunguu, yeye akimwita "mwalimu wangu", naye akimwita "fundi" kwa sauti ambayo hakumwitia fundi mwingine. Kijiji kizima kilijua kuna harusi.

Februari iliyofuata wezi wa ng'ombe wenye bunduki walipita karibu na shule wakifukuzwa. Risasi mbili zikatoboa ukuta wa darasa. Hakuumia mtu, lakini wazazi waliitwa mkutanoni, na Hhando akasimama.

"Nondo kila dirisha, ukuta wa mawe, lango moja. Mtu mbaya asipate pa kuingilia."

Wazee wakapiga makofi. Verediana naye akanyoosha mkono.

"Na watoto watatokea wapi? Fundi anajua chuma, lakini hajawahi kukaa na watoto arobaini na wawili chumba kimoja. Nataka mlango wa pili, nyuma, watoke wakimbilie korongoni."

"Mlango wa pili ni njia ya pili ya bunduki!"

"Basi wewe ndiye utakayekaa nao ndani?"

Watu wakacheka. Hhando alikaa chini masikio yakimwaka. Mkutano ukakubali nondo, ukakubali na mlango wa nyuma. Ukuta ukashindikana, saruji haikupatikana.

"Umeniaibisha mbele ya wazee wangu," alimwambia nje.

"Nimesema habari ya watoto, Hhando, si habari yako."

Hawakusemeshana tena. Hhando alikuja kufunga nondo na mlango kwa siku tatu, ameinamia kazi. Verediana alisimama na madaftari kifuani, akautazama ule mlango, akaondoka bila neno.

Wezi walirudi Juni, saa nne asubuhi. Milio ya bunduki iliposikika, Verediana alipiga kelele, "Nyuma! Wote nyuma!" Watoto wakauvamia mlango. Ulifungukia ndani. Wa mbele hawakuweza kuuvuta kwa sababu wa nyuma waliwasukuma. Mpaka mwalimu alipowarudisha kwa nguvu na kuufungua, risasi ilikuwa imepenya ukutani na kumpata Antonia. Alikuwa na miaka tisa.

Msibani Hhando alilia neno moja tu: "Mlango ule! Mlango ule!" Verediana alilisikia, akajua analaumiwa kwa kuutaka. Akaomba uhamisho.

Mwezi Septemba alikuwa amekalia sanduku lake stendi ya Karatu, akisubiri basi, Hhando alipotokea mbio.

"Unaondoka bila hata kuniaga?"

"Ulinilaumu mbele ya maiti, Hhando. Nilisikia."

"Nilijilaumu mimi! Najua kazi yangu, Vere. Mlango wa watu wengi hufungukia nje. Nilikuwa na hasira, nikataka nimalize niondoke."

Verediana alifunika uso kwa khanga. "Niliona," alisema. "Siku ile ulipoumaliza niliona kwamba unafungukia ndani. Nikasema simsemeshi mpaka anisemeshe yeye."

Walikumbatiana pale pale mbele ya abiria, wakilia.

"Tuoane," Hhando alisema. "Nani mwingine atatuelewa?"

"Kwanza dada yako ajue."

Walimkuta Cresensia uani akichambua maharage. Wakamweleza yote, kila mmoja sehemu yake. Mikono yake ilisimama ndani ya ungo.

"Hhando, sina mdogo mwingine," alisema. "Na wewe mwalimu, mwanangu alikupenda. Mmoja mmoja nitawapokea mpaka nife. Lakini mkikaa hivi, bega kwa bega, nauona ule ugomvi wenu. Siwezi, jamani. Mnisamehe."

Kesho yake Verediana alipanda basi. Hhando alimpandishia sanduku, akabaki ameshika ngazi ya basi mpaka utingo alipomwambia aachie.

Kila Krismasi barua hufika kutoka Rombo. Hutumwa kwa Cresensia, humjulia hali, humwuliza mvua na mahindi. Jina la Hhando halimo. Cresensia hajui kusoma, na mwalimu analijua hilo. Humwita mdogo wake, naye humsomea kwa sauti, polepole, mpaka mwisho, kisha huikunja na kumrudishia.