Kokoto Saba za Uchanjani

Mfinyanzi alihesabu siku kwa kokoto. Kila jioni alidondosha kokoto moja katika kikombe kilichovunjika mkono, mwisho wa uchanja wa miti ambapo mitungi mibichi ilianikwa juani. Kokoto zikitimia saba, mitungi iliingia tanurini. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake kabla ya mama yake. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini saba.

Mwaka huu saba hazikutosha. Zahanati ilimwagiza mitungi arobaini ya kuchujia maji, iwe tayari kabla ya mvua, kwa sababu mvua zikianza visima huchafuka na watoto huharisha. Alifinyanga mitungi arobaini, akaianika siku saba, na mumewe akawasha tanuri. Moto haujashika sawasawa, milio ikaanza humo ndani, kama mtu anayepiga madebe mateke. Walipofungua kesho yake, mitungi thelathini na mmoja ilikuwa vigae.

Muuguzi wa zahanati hakugomba. Alisema tu kwamba mvua ziko mbali wiki tano, na baada ya hapo watoto wataanza kunywa maji machafu.

Mume, ambaye kazi yake ilikuwa kuchoma, alilaumu udongo. Mke alilaumu moto wa pupa. Walinuniana hadi wakati wa chakula, njaa ikawapatanisha. Kesho yake mfinyanzi alianza upya. Alifinyanga mitungi thelathini na miwili, mmoja ukiwa wa akiba, akaianika, na jioni ya saba akasimama na kikombe cha kokoto mkononi, akiogopa kusema kwamba siku zimetimia.

Ndipo alipopita jirani yao wa kituo cha hali ya hewa. Mtaa mzima ulimwita Bwana Kadi, kwa sababu kila jioni alirudi na kadi nyembamba yenye mstari uliounguzwa. Alimsalimu, akatazama vigae vilivyorundikwa ukutani, akauliza kulikoni. Aliposikia, aliuchukua mtungi mmoja kutoka uchanjani na kuuegemeza shavuni.

"Shemeji, huu ni baridi," alisema. "Maji bado yanatoka ndani yake. Ukiuingiza motoni, maji hayo yatageuka mvuke na kuupasua."

"Lakini siku saba zimekwisha."

"Siku zimekwisha. Jua la siku saba hujalipata."

Alimwalika kituoni, naye akaenda asubuhi pamoja na mumewe. Kazi ya kadi waliiona wenyewe. Mpira wa kioo ulikusanya mwanga wa jua na kuunguza mstari kwenye kadi iliyowekwa nyuma yake. Jua likiwa kali, mstari huungua, likififia, hauungui. Bwana Kadi alitoa sandukuni kadi za mwezi kama huu wa miaka ishirini iliyopita, akazipanga kando ya kadi za wiki hii. Zile za zamani, mstari ulianza saa moja asubuhi. Za sasa ulianza saa mbili na nusu, ukawa mwembamba, na jioni ukakatika mapema.

Mfinyanzi aliuliza kama jua limezeeka. Bwana Kadi alicheka, akasema jua halina hatia. Kisha akawaonyesha dirishani. Juu ya mtaa wao, wenye matanuri ishirini na moja, utando wa rangi ya majivu ulikuwa umetanda. Aliwaeleza kwamba moshi wa matanuri, viwanda na magari hubeba chembe ndogo mno. Nyingine hurudisha mwanga juu, nyingine nyeusi huunyonya hukohuko angani. Zote huupunguza mwanga unaofika chini. Hili limepimwa katika nchi nyingi, na katika baadhi yake, hewa iliposafishwa, mwanga uliongezeka tena.

Mume alikuna kichwa. Yeye ndiye aliyechoma matairi tanurini, kwa kuwa tairi hushika moto upesi na halihitaji shoka.

"Basi moshi wetu ni mwavuli," alisema. "Watu wanalia dunia inapata joto, nasi tunawawekea kivuli. Tungepewa zawadi."

"Kivuli kipo, sikatai," Bwana Kadi alijibu. "Lakini chembe hizo huanguka baada ya siku chache, au wiki chache. Moto uleule hutoa pia hewa ukaa, usiyoiona, nayo sehemu yake hubaki juu mamia ya miaka ikizuia joto kutoka. Unamwekea mgonjwa kitambaa cha maji usoni, huku homa inapanda."

Mfinyanzi aliuliza kama joto litazidi moshi ukiondoka. Jirani hakuficha. Alisema joto lililofichwa litaonekana, na ndiyo sababu haitoshi kuondoa moshi peke yake. Lazima kupunguza kuchoma kwenyewe, ili chembe na hewa ukaa vipungue pamoja. Zaidi ya hayo, kivuli hicho huvutwa kifuani. Mume alikuwa akikohoa tangu mwaka uliopita.

Walirudi na kazi mbili. Ya mume ilikuwa tanuri. Aliacha matairi kabisa, akaziba nyufa za kuta kwa udongo ili joto lisipotee, akapanua tundu la hewa, na kuchoma mabaki ya mbao makavu kutoka kwa maseremala. Majirani walimtania kwamba amekuwa mpishi wa keki. Walipoona, baada ya kuchoma, rundo lake la kuni limebaki nusu, wanne walikuja kuuliza alivyofanya.

Ya mke ilikuwa uchanjani. Kuhesabu siku aliacha. Mumewe alimtundikia mizani ya ubao na sahani mbili. Kila jioni aliweka upande mmoja mtungi uliokaa penye kivuli zaidi, na upande wa pili kokoto zilezile saba, akijalizia kwa changarawe hadi ubao ulingane. Kila jioni changarawe zilipungua. Jioni ya kumi na moja tangu kuanika alitoa mbili. Ya kumi na mbili hakutoa hata moja, wala ya kumi na tatu. Aliegemeza mtungi shavuni. Haukuwa baridi.

Tanuri liliwashwa kwa moto mdogo wa saa nyingi. Wote wawili walikaa kando yake, wakisikiliza. Ndani hapakulia kitu.

Walipofungua, mtungi mmoja tu ulikuwa na ufa. Wa arobaini ulifika zahanati siku tisa kabla ya mvua.

Utando haujaondoka wote, kwa sababu moshi mwingine hutoka mbali na matanuri mengine bado yanachoma matairi. Ila juzi Bwana Kadi alisimama uchanjani na kadi yake. Mstari ulianza saa mbili kasoro robo. Mfinyanzi aliupima kwa ukucha, akamrudishia kadi, akatoa changarawe moja kwenye sahani, kwani mtungi wa jioni hiyo ulikuwa umekauka zaidi.