Mgomba wa Kithaka

"Tuko wangapi?" Misheck, mwenye boti, aliuliza.

"Wawili," Salesio akajibu.

"Mimi naona watatu."



Jua lilikuwa linazama. Bwawani boti zilipishana, zimebeba watu waliotoka sokoni, mbuzi, magodoro, magunia ya ndengu. Kati ya Wambeti na shemeji yake Salesio ulilazwa mgomba uliofungwa blanketi. Ulikatwa asubuhi huko Kibugu, kwenye mvua nyingi, kwa kuwa huku Mbeere migomba haistahimili ukame. Ulipimwa ulingane na kimo cha Kithaka, mume wa Wambeti, aliyezama hapa wiki tatu zilizopita. Mwili haukupatikana. Ukoo ukaamua: uzikwe mgomba badala yake. Kaburi lilikuwa tayari ng'ambo.

Wambeti alikubali shingo upande. Kumzika mtu ni kuacha kumngoja, na yeye alikuwa bado anangoja.

Wazee walimpa sharti moja: asiuite mgomba kwa jina la Kithaka kabla haujaingia kaburini, mwenye jina asije akaitika.

Katikati ya bwawa boti kubwa ilipita kwa kasi. Wimbi likaruka, likalowesha blanketi. Wambeti akalipangusa kwa leso yake.

"Pole, Kithaka."

Salesio akamshika mkono. "Mama Kanini! Umesema nini?"

Injini ikakohoa. Ikazimika.

Harufu ya moshi wa kuni... juu ya maji.

Ngo. Ngo. Kitu kiligonga chini ya boti.

"Ni mti," Misheck akanong'ona. "Maji yamepungua." Akavuta kamba ya injini. Mara moja. Mara mbili.

"Wambeti!"

Sauti ilitoka kwenye kisiwa cha mawe, hatua mia hivi kutoka walipokuwa. Mtu alisimama pale akipunga shati.

"Wambeti! Ningoje!"

Tangu wapande boti, hakuna aliyekuwa amemwita kwa jina hilo; Salesio alimwita kwa jina la mwanawe.

"Ni yeye," akasema. "Misheck, geuza."

"Usiitike," Salesio akanong'ona. "Boti zinapita hapa kutwa. Wiki tatu, nani asingemwona? Angalia hao."

Boti nyingine ilikuwa ikipita ubavuni mwa mawe. Abiria wake walikuwa wakibishana juu ya mbuzi. Hakuna aliyegeuza shingo.

"Na kama ni mzima?"

Injini ikawaka. Misheck hakugeuza. Wambeti alifungua mdomo amwamuru... akaufumba. Baadaye alipoulizwa, alisema neno moja tu: aliogopa.

Sauti iliita mara tatu zaidi. Ya mwisho ilikuwa ya mtu anayelia.

Giza lilipoingia walikuwa wanafukia kaburi. Mchungaji aliomba kwa ufupi.

Asubuhi Misheck alikuja peke yake, kofia mkononi. Alikuwa ametoka kisiwani.

"Kuna majivu, mama. Bado yana moto. Na mifupa ya samaki."

Salesio akaketi chini, pale pale kwenye udongo mbichi wa kaburi.

"Na yeye?" Wambeti akauliza.

"Nyayo tu, kwenye tope la ukingoni. Za mtu mzima, peku. Zimeingia majini."

"Upande gani?"

Misheck alimtazama Salesio kwanza.

"Upande wa huku."

Jioni hiyo Wambeti alisonga ugali, akaweka sahani ya Kithaka mezani. Kisha akafunga mlango kwa komeo. Akaketi akiutazama... naye hakujua kama angefungua mtu akibisha.