Daftari la Thelathini na Tatu

Darasa lilikuwa na wanafunzi thelathini na wawili. Madaftari ya maabara yalikuwa thelathini na matatu.

Mwalimu wa kemia, ambaye wanafunzi walimwita Mama Vitendo, aligundua hilo akiwa ameshamaliza kusahihisha, mkono ukienda wenyewe kama ulivyozoea. La mwisho halikuwa na jina. Mwandiko ulikuwa safi, basi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Vizuri sana. Endelea na jaribio linalofuata." Ndipo akasoma.

"Sampuli: binti wa meza ya pili. Akikaribia moto, hutoa jasho. Jaribio linalofuata: kumchoma mkono."

Nywele zilimsimama. Alikuwa amempa mwandishi huyo ruhusa kwa mkono wake mwenyewe.

Alikimbilia maabara, akachelewa. Mtungi wa gesi ulikuwa umefungwa, lakini moto ulikuwa unawaka meza ya pili, na binti alikuwa analia, kifundo cha mkono kimeungua alama za vidole vitano virefu mno.

"Nilikwambia chumba hiki kina wenyewe," mkuu wa shule alinong'ona, akikataa kuvuka kizingiti. "Miaka tisa tumefundisha majaribio ubaoni, hakuungua mtu."

"Wala hakufaulu mtu. Mtihani wa vitendo ni wiki ijayo, Mkuu. Nipe mpaka kesho."

"Mwalimu, hilo ni jini!"

"Na mimi ni mwalimu."

Alasiri wanafunzi walipotoka alijifungia humo peke yake. Aliogopa, hilo halifichiki, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Alifungua daftari, akakata ukurasa mzima kwa wino mwekundu. "Sifuri. Hapa hapimwi mtoto wa mtu. Rudia, ukijipima wewe mwenyewe."

Harufu ya nywele zilizoungua ilianza kutoka kwenye sinki, ikapanda hadi darini, chupa zikagongana kabatini moja baada ya nyingine, viti vikaburuzwa kumzunguka, na pumzi ya moto ikamtua shingoni ikakaa hapo, naye hakugeuka, alishika kalamu kwa mikono miwili na kusema, sauti ikimtetemeka, "Nasubiri kazi yangu," mpaka kikatoka kilio ambacho si cha mtu wala mnyama, kisha kimya.

Asubuhi daftari lilikuwa mezani, kingo zimeungua. "Sampuli: mimi. Matokeo: inauma." Mbele ya neno "Hitimisho" hapakuwa na kitu.

Aliwafungulia wanafunzi mlango. Binti wa meza ya pili aliingia wa kwanza, bandeji mkononi, kidevu juu, na Mama Vitendo alitaka kumkumbatia.

"Makoti. Miwani. Tunaanza."

Nyuma kabisa, kwenye meza isiyo na mtu, kiti kilivutwa polepole. Darasa zima liliganda.

"Wewe," alisema Mama Vitendo bila kuinua macho, akiwasha kiberiti, "leo unatazama tu. Hugusi kitu."

Kiti kilitulia.