Gari Lililosema Likiwa Limezimwa

Saa saba mchana, soko likiwa limefurika, gari la matangazo lililoegeshwa kando ya vibanda vya nyanya lilianza kulia.

Haikuwa honi. Ilikuwa sauti ya mwanamume mzima, analia kwa kwikwi, na vile vipaza sauti viwili vya juu ya paa viliifikisha mpaka kona ya mwisho ya soko.

"Mke wangu," sauti ilisema, "majibu nimeyapata. Daktari anasema tatizo ni langu. Si wewe. Miaka yote hii ni mimi. Nakuomba usimwambie mama. Nitakufa kwa aibu."

Ikaanza upya. Safari hii watu walishaitambua. Ilikuwa sauti ya mwenye bucha, jitu la miraba minne linalobeba nusu ng'ombe begani huku linapiga mluzi. Mtu mmoja akacheka, mwingine akadakia, na mara vicheko vikasambaa kibanda kwa kibanda. Sajini wa upelelezi, ambaye siku hiyo hakuvaa sare na alikuwa anachagua nyanya zake, alicheka na yeye.

Kisha akageuka, akaona mlango wa bucha. Mwenye bucha alikuwa amesimama pale, mikono imemlegea. Aliwatazama watu kama asiyewajua, akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mizani. Akaingia ndani. Waliomfuata walikuta mlango wa nyuma uko wazi, naye hayupo.

Sajini aliacha kucheka. Aliacha nyanya zake juu ya meza, akaliendea gari.

Milango ilikuwa imefungwa, vioo vimepandishwa, injini imezimwa. Sauti ilikuwa imekatika. Dereva wake, mtangazaji wa siku nyingi ambaye watu walimwita Kipaza, alikuja mbio kutoka kibanda cha chai, mdomo umejaa andazi, funguo zinaning'inia kidoleni.

"Sijui chochote!" alisema kabla hajaulizwa. "Haki ya Mungu, nimekaa pale nakunywa chai!"

"Fungua," Sajini akamwambia.

Aliingia, akakaa kiti cha mbele. Kiti kilikuwa kipya, kimevikwa ngozi bandia ya rangi ya damu ya mzee, bado kinanuka gundi. Chini yake ndipo ilipofungwa amplifaya ya vile vipaza sauti. Sajini aliinama akaigusa, akaondoa mkono haraka.

"Mbona ya moto?"

"Jua hilo, afande."

"Jua limeingiaje chini ya kiti?"

Kipaza alimeza andazi lililobaki mdomoni.

"Haya, nieleze. Ukizima gari, hii inaendelea kufanya kazi?"

"Hata kidogo. Nikizima, na yenyewe inazimika. Mpaka niweke funguo ndipo iamke. Na funguo ninazo mimi peke yangu, hazitoki mfu..." Alisita. Uso ulimshuka. "Afande, hapo nimejifunga mwenyewe, eti?"

"Umejifunga kabisa. Twende kituoni. Endesha wewe."

Jioni ile mke wa mwenye bucha alikuja kituoni kutoa taarifa kwamba mume wake hajaonekana na simu yake imezimwa. Alisindikizwa na kaka yake, mtu mpole mwenye kucha zilizoganda gundi ya manjano, ambaye alimshika dada yake bega muda wote na kutazama sakafu.

"Ile sauti ilikuwa yako?" Sajini aliuliza. "Maana yangu, alikutumia wewe kwa simu?"

"Alinitumia mimi. Alikuwa bado yuko hospitali, hakuweza kuniambia uso kwa uso."

"Na wewe ukamtumia nani?"

"Sikumtumia mtu! Naanzaje?"

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Mama mzazi wa mwenye bucha aliingia, kanga imemteleza kichwani, anahema.

"Huyo hapo!" alisema, akimnyooshea mkwewe kidole. "Mkamate huyo! Amemwanika mwanangu sokoni kama nguo. Alikuwa anatafuta siku ya kulipiza, ameipata!"

"Kulipiza nini, Mama?" Sajini aliuliza.

Mama alirudisha kanga yake kichwani. Mkwewe alifunika uso kwa viganja, akaanza kulia bila sauti. Kaka mtu akamtazama yule mama kwa jicho ambalo Sajini hakulisahau, kisha akarudisha macho chini.

Mke alikuwa na sauti ile kwenye simu. Kwa maneno ya mama mkwe, alikuwa na sababu. Lakini hakuwa na funguo za gari. Kipaza alikuwa na funguo, ila hakuwa na sauti wala sababu. Mwenye bucha alikuwa rafiki yake wa bao. Ama walishirikiana, ama kulikuwa na mtu mwingine.

Asubuhi mkuu wa kituo alitaka gari liondolewe mlangoni. Kipaza alitolewa mahabusu, macho mekundu kwa kuumwa na mbu usiku kucha, akazungusha funguo. Kimya. Akazungusha tena. Hata taa ya dashibodi haikuwaka.

"Betri imekufa," alisema. "Lakini jana si nimeliendesha mwenyewe mpaka hapa? Na tangu juzi asubuhi limekuwa zito kuwaka, nikadhani betri imezeeka."

Sajini alisimama palepale na kikombe chake cha chai. Gari lililozimwa halili betri. Kama betri imeisha, basi kuna kitu ndani ya gari kilichokesha macho.

Aliagiza aitwe fundi umeme wa magari aliyeifunga ile amplifaya. Fundi alikuja na wasiwasi wake, maana habari zilishaenea kwamba anayetafutwa ni mjuzi wa nyaya.

"Mimi nilifunga vizuri," alianza kujihami. "Amplifaya ina waya mbili za moto. Hii nene inatoka betri moja kwa moja, muda wote ina umeme. Hii nyembamba ndiyo ya kuiamsha. Inapata umeme funguo ikizungushwa tu. Ukizima gari, nyembamba inakosa umeme, amplifaya inalala."

"Basi ifungue tuone."

Waling'oa kiti. Fundi alipiga magoti, akatazama, akasonya.

"Hii si kazi yangu. Mtu ameichomoa waya nyembamba, halafu ameweka kipande kifupi cha waya kutoka kwenye ile nene kuja hapa. Kwa hiyo inaamshwa na betri yenyewe. Hata uzime gari, hata uende na funguo zako ng'ambo, haina habari. Iko macho tu inakunywa betri."

"Na ikiwa macho, mtu anaweza kuipigia sauti kutoka nje?"

"Ina bluetooth hii. Simu tu, afande. Mtu akae hata kwenye vile vibanda vya nyanya."

Sajini aliinama karibu zaidi. "Wewe waya zako unafungia nini?"

"Tepu nyeusi. Kila fundi umeme."

Kile kipande hakikufungwa kwa tepu. Kilifungwa kwa uzi mnene uliopakwa nta, umezungushwa na kukazwa kwa fundo dogo safi sana, na juu yake kimebandikwa kipande cha ngozi bandia. Rangi ya damu ya mzee.

Sajini alikitazama kile kipande, kisha kiti kilichokuwa kimelazwa chini. Hakuhitaji kuambiwa kwamba ni ngozi ileile.

"Kipaza, viti hivi amekuvalisha nani?"

"Fundi viti wa kule gereji. Wiki hii hii. Nilimwachia gari na funguo kutwa nzima, nilisahau kabisa." Kipaza alikuna kichwa. "Si ni shemeji yake mwenye bucha? Yule kaka wa mkewe."

Sajini alikwenda kwanza nyumbani kwa mke. Alimkuta jikoni, jiko halijawashwa.

"Simu yako iliwahi kukaa kwa mtu mwingine?"

"Sijampa mtu." Akafikiri. "Kioo kilipasuka. Kaka akanichukulia akaipeleka kwa fundi simu. Ilirudi siku ya..." Aliacha hapo. Alikaa polepole kwenye kigoda.

"Tulikuwa tumekubaliana," mke alisema hatimaye. "Ijumaa hii twende wote kwa mama, tumwambie. Mume wangu mwenyewe alisema atasema. Alikuwa anajizoeza maneno usiku."

"Unadhani yuko wapi?"

"Akiwa na jambo hukimbilia kazi. Mtafute machinjioni."

Alikuwa huko. Wachinjaji walishamaliza kazi na kuondoka; yeye alikuwa peke yake, na mpira wa maji na fagio, anasugua sakafu iliyokwisha takata. Alipomwona Sajini hakuacha kusugua.

"Mama alisikia?" aliuliza.

"Alisikia."

"Na watu wote?"

"Na mimi nilikuwepo," Sajini akasema, akashindwa kumtazama. "Twende. Mkeo hakulitoa lile neno. Njoo umsikie aliyelitoa."

Walikutana ndani ya bucha, mlango wa mbele ukiwa umefungwa: mwenye bucha, mkewe, mama, kaka mtu na Kipaza. Friji ya nyama ilikuwa inanguruma pembeni. Mwenye bucha alisimama nyuma ya meza yake kana kwamba anaogopa kutoka. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Sajini aliweka juu ya gogo la kukatia nyama kile kipande cha waya na ngozi yake.

"Mtu aliyefunga hii alikuwa na gari kutwa nzima, na funguo zake. Alikuwa na uzi wa kushonea viti, na kipande kilichobaki cha viti vya gari hilohilo. Na simu yenye sauti ilikaa mikononi mwake ilipopasuka kioo." Akamgeukia kaka mtu. "Fundi, utasema mwenyewe, au niseme mimi?"

Fundi viti hakukana. Aliinua uso, akamtazama yule mama.

"Ulisimama hapo nje," alisema. "Ukamwita dada yangu shamba bovu. Ukasema mwanao amefuga mtu wa kumaliza chakula. Watu wakacheka. Mimi nilikuwepo, nimebeba kiti begani, nikapita kama sisikii. Siku ile sikulala. Halafu nikaisikia ile sauti kwenye simu, kwa bahati tu, nilikuwa najaribu kama spika inafanya kazi. Nikajitumia kwenye simu yangu. Nikasema, hili litasikika palepale, na watu walewale."

"Na mimi je?" Kipaza alifoka. "Mimi nilikukosea nini? Nimelishwa mbu usiku kucha!"

"Kila siku saa saba uko kwenye chai, watu wote wanakuona. Nilidhani watasema gari limeharibika. Sikudhani utakamatwa." Akamgeukia dada yake. "Nilitaka jina lako lisafishwe tu."

Dada mtu alikuwa ameegemea ukuta.

"Nilikutuma?" aliuliza.

"Hukunituma."

"Umenitetea kwa kumvua nguo mume wangu mbele ya watu. Mtu aliyeniamini. Sasa kila nikimtazama, anajua kwamba ilitoka mkononi mwangu." Alijitenga na ukuta. "Ile aibu ya mwanzo nilishaizoea, kaka. Hii nitaiweka wapi?"

Machozi yalimtoka fundi viti, akayafuta kwa vidole vilivyoganda gundi.

Sajini alimwambia ataandika maelezo, na kwamba kuingilia gari la watu na siri ya watu kuna kesi. Alipotolewa, aliomba afunikwe uso kwa shati. Sajini alikataa kumfunika, lakini pingu hakumfunga. Alimkabidhi kwa askari aliyekuwa nje.

Ndani, mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alionekana mdogo ghafla. Alimwita Kipaza.

"Baba, hilo gari lako likipona, nichukue. Nipe hicho kipaza nimwombe msamaha mkwe wangu mbele ya watu wote. Nilimtukana mbele yao."

"Hapana, Mama," mke akasema. "Yaliyotangazwa yanatosha. Kama lipo neno, niambie mimi."

Mama alimtazama. Kwa miaka yote maneno yalimjia bila kutafutwa. Sasa alisema kitu, chini kwa chini, akitazama vidole vya miguu yake.

"Sijakusikia, Mama." Hakusema kwa kejeli. Friji ilikuwa na kelele kweli.

Mama aliinuka, akamkaribia, akainua uso.

"Nimekukosea, mwanangu. Wewe na mume wako. Hata kuniambia ukweli mliniogopa."

Mkwewe hakumkumbatia. Alimshika mkono tu, akaushikilia.

Kipaza alikohoa, akasema lazima akatafute mtu wa kumchajia betri, akaponyoka. Sajini naye alitoka, akimwachia mwenye bucha nafasi ya kuamua kama leo atafungua au la.

Mwenye bucha alikaa kidogo. Halafu akachukua aproni juu ya mizani, akaifunga, akafungua mlango wa mbele. Mwanga uliingia. Nje walikuwa wamesimama wateja kadhaa, kimya, kila mmoja anatazama mfuko wake. Mama mmoja muuza nyanya alisogea hadi mezani, macho yake hayapandi kupita mizani.

"Nusu kilo," alisema.

Mwenye bucha alimtazama mpaka yule mama akalazimika kuinua uso.

"Ya mifupa," akamuuliza, "au steki?"